Amina ya Pili

Watu wa kanisa wanasema vitabu vimeniharibu kichwa. Eti nilikuwa mama mzuri, fundi cherehani asiye na makuu, mpaka nilipoanza kusoma vitu visivyonihusu, na sasa nina pepo la maswali. Mmoja alinisimamisha mbele ya kibanda changu sokoni Kamembe, wateja wakisikia, akaniambia atafunga siku tatu kwa ajili yangu. Nikamwambia aanze kwa kufunga mdomo.

Nina hasira, sikatai. Ninaamka nayo, ninachota nayo maji, ninaingiza nayo uzi kwenye sindano. Lakini nataka ijulikane ilikotoka, kwa sababu haikutoka kwenye vitabu.

Kwa miaka tisa nilikuwa mkalimani wa kanisa letu. Huku kwetu Rusizi, mpakani mwa Rwanda, Bukavu ya Kongo ni hapo ng'ambo tu, unavuka kwa miguu, na wahubiri wanavuka kama wachuuzi, asubuhi kuja na jioni kurudi. Wanahubiri kwa Kiswahili chao cha Bukavu, kilichojaa Kifaransa. Wanaokielewa hukaa upande wa kulia: wachuuzi wa mpakani, pamoja na watu kama mimi, Wanyarwanda tuliolelewa Kongo tukarudi. Upande wa kushoto hukaa watu wa mashambani, wanaojua Kinyarwanda tu. Hao hawamsikii mhubiri. Wanamwona anatoa jasho, basi. Wanayemsikia ni mkalimani.

Kazi ina sheria zake. Usiongeze, usipunguze, usibaki nyuma. Mhubiri akipaza sauti, paza. Akilia, lia. Akiruka, ruka, hata kama kitenge kimekubana. Akisema "mimi", wewe pia sema "mimi". Kwa hiyo kanisani kwetu kila kitu hutokea mara mbili: kinakuja kicheko cha kulia, halafu kicheko cha kushoto, inakuja amina ya kulia, halafu amina ya pili. Kati ya amina na amina nilikuwa nimesimama mimi na kipaza sauti changu, mikro kama tunavyoiita, na nilijivuna sana, kwa nini nidanganye.

Jumapili moja mhubiri alisema, "Mi niliona malaika na macho yangu, saa nane ya muchana, ndani ya parseli yangu!" Nami nikajipiga kifua, nikasema kwa Kinyarwanda kwamba niliona malaika kwa macho yangu, saa nane mchana, uani kwangu. Ibada ilipokwisha, bibi mmoja wa kushoto alinifuata mlangoni, akanishika mikono miwili, akaniuliza malaika yule alikuwa amevaaje. Nikamweleza kwamba si mimi niliyemwona, ni mhubiri. Akaniachia mikono.

"Lakini ulisema ni wewe," akaniambia.

Sikula vizuri siku ile. Maana kama mtu anaweza kusimama pale akasema "mimi" na asiwe yeye, basi nikifungua Maandiko nikakuta "mimi", anayesema ni nani? Alimwambia nani? Na huyo aliyesimama katikati, akaruka alipomwona msemaji anaruka, alikuwa mtu wa namna gani? Nilimuuliza mchungaji wetu, yule mwenye kanisa, ambaye ni mzaliwa wa hapa. Alicheka akasema, "Maman, iyo ni maulizo ya bapadri. Achana nayo." Nikamuuliza mume wangu. Akasema maharage yamepoa.

Basi nikaanza mwenyewe. Niliweka Maandiko ya lugha tatu kwenye meza yangu ya kukatia nguo, Kinyarwanda, Kiswahili na Kifaransa, nikawa nasoma mstari mmoja mara tatu kabla wateja hawajaja. Pale lugha zilipoachana niliweka alama kwa chaki ya kushonea. Kuna siku chaki iliisha katikati ya sura moja, na nilikuwa nimeinunua juzi yake. Niliwahi kushona mkono wa kulia wa koti kwenye bega la kushoto kwa sababu kichwa changu kilikuwa kimebaki kwenye mstari. Mwenye koti alinitukana ukoo mzima, na alikuwa na haki.

Dada yangu mkubwa alisoma Bukavu mpaka mwaka wa sita wa sekondari. Mimi niliishia wa pili, ikaonekana cherehani inanitosha. Nilipomwendea na maswali yangu alifungua sanduku, akanipa daftari lake la somo la filozofia. Alikuwa amelinakili kutoka ubaoni, maneno kwa kalamu ya bluu na vichwa vya habari kwa nyekundu, na pembeni amechora mitindo ya nywele. Humo nilikutana na mzee wa kale sana, aliyekuwa akizunguka sokoni akiwauliza watu maana ya maneno wanayoyasema kila siku, mpaka wakamchoka wakamuua. Sikushangaa. Mimi niko sokoni, mteja wa aina hiyo namjua. Lakini nilimsoma tena na tena, daftarini na kwenye simu yangu, na kila mara nilitamani ningemkuta pale, nimpe kiti.

Kulikuwa na ukurasa mwingine, kuhusu namna watu wanavyobishana vibaya. Hapo iliandikwa kwamba kitu hakiwi kweli kwa sababu tu aliyekisema ni mkubwa. Dada alikuwa ameupigia mstari mara mbili, akaandika pembeni: hii itakuja kwenye mtihani.

Jamani, nilikasirika! Nililia kwa hasira juu ya meza yangu, na gauni la mtu likalowa. Kumbe haya maswali yana wenyewe. Kumbe watu wameyauliza tangu zamani, wakayagawa, wakayapa majina, na watoto wa ng'ambo wanayanakili kutoka ubaoni huku wakichora nywele. Na mimi miaka yote nilidhani nina ugonjwa. Niliombewa kwa ajili yake. Niliwekewa mikono kichwani na watu ambao hawajawahi kusoma Maandiko yao wenyewe kutoka mwanzo hadi mwisho, na nikawaambia aksanti.

Kibanda kinachopakana na changu ni cha mzee mmoja Mwislamu, fundi wa kanzu na sare za shule. Nilianza kumsumbua yeye. Alinifungulia msahafu wake, maneno ya Kiarabu upande mmoja na tafsiri upande mwingine, na jambo asilolijua alisema "sijui" bila aibu yoyote, kitu ambacho sijawahi kumsikia mtu mwenye mikro akikisema. Sharti lake lilikuwa moja, nisimuulize habari za Mungu wakati anapiga vifungo. Siku moja nilinyoosha kidole kwenye tafsiri nikamwambia, kwa hiyo Mungu wenu anasema hivi. Akaniondoa kidole taratibu.

"Apana, maman. Iyi ni tafsiri. Tafsiri ni muntu."

Nilirudi kwenye cherehani yangu, lakini mguu haukukanyaga. Tafsiri ni mtu. Mtu huyo, upande wa kushoto wa kanisa letu, nilikuwa mimi.

Sasa mama mkwe wangu. Huyu alikuwa akikaa kushoto, kiti cha kwanza.

Mama mkwe hakunipenda. Aliishi shambani kwake Rwimbogo, na tangu nilipoolewa aliniita yule Mkongomani, ingawa kilima cha babu yangu kinaonekana kutoka mlangoni kwake. Nikipika, ananiuliza nani alinifundisha. Nikimwambia apunguze chumvi kwa sababu ya presha yake, anaongeza huku ananitazama. Siku aliyonisikia kanisani kwa mara ya kwanza, alinisubiri nje akiwa amesimama wima kabisa. "Mukazana," akasema. Hivyo ndivyo mkwe wa kike anavyoitwa kwa Kinyarwanda, na hakuwahi kuniita hivyo. "Leo nimemsikia Imana." Imana ni Mungu. Toka siku ile hakukosa Jumapili. Alipanda pikipiki toka Rwimbogo na kitenge chake kizuri, akakaa mbele, akafumba macho nikianza. Nyumbani niliendelea kuwa mpishi mbaya. Kanisani nikisema simama anasimama, nikisema inua mikono anainua.

Alikuwa akimeza vidonge vya presha kila asubuhi. Alivifunga kwenye fundo la kitenge, kiunoni, na hakutoka bila hivyo.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili ya kawaida. Mhubiri alikuwa yuleyule wa malaika. Alivaa miwani, kwanza, hilo nalitaka lieleweke. Alivaa miwani ili aone herufi, akafungua Maandiko, akasoma, akapandisha miwani puani, nami nikapandisha kidole kwenye pua tupu kwa sababu ndiyo kazi. Halafu akafunga kitabu kwa kishindo.

"Kuna batu hapa banabeba dawa ndani ya mufuko, na banasema bako na imani! Imani ya wapi iyo? Uko na dawa, uko na mashaka! Leta dawa yako hapa mbele, leo!"

Amina ya kulia ikapanda mpaka kwenye mabati.

Nilijua. Hilo ndilo linaloniua mpaka leo, nilijua. Nilikuwa nimeshasoma mistari ile kwa lugha tatu na hakuna hata moja iliyosema hivyo. Nilikuwa nimeshasoma kwamba mmoja wa walioandika habari za Bwana alikuwa tabibu, na hakuna popote ambapo aliambiwa atupe mkoba wake. Nilikuwa nimeshasoma ukurasa wa dada wenye mistari miwili. Kati ya amina ya kulia na zamu yangu kuna nafasi ya kuvuta pumzi moja, si zaidi. Nikaivuta. Halafu nikasema yote, neno kwa neno, kwa Kinyarwanda kizuri, kwa sauti yake, kwa ngumi yake hewani. Sijawahi kutafsiri vizuri namna ile.

Amina ya pili ikaja. Mama mkwe akafumbua macho, akasimama, akafungua fundo la kitenge. Alitembea mpaka mbele akaweka vidonge vyake kwenye kikapu. Hakumtazama mhubiri. Alinitazama mimi, akatabasamu, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona meno yake.

Nilimkimbilia uani baada ya ibada. Nikamwambia, mama, kesho twende kituo cha afya tukachukue dawa nyingine.

"Si ndiwe uliyesema?"

"Mhubiri ndiye aliyesema, mama. Mimi nilikuwa natafsiri."

"Nilisikia sauti yako," akasema, akapanda pikipiki, akaenda zake.

Haikupita miezi miwili. Alianguka shambani akipalilia maharage, majirani wakamkuta amelala ubavu, mdomo umekwenda upande. Hospitali walituambia ni kiharusi. Muuguzi, binti mdogo mwenye sauti ya upole, aliuliza kama mgonjwa alikuwa akimeza dawa zake. Mume wangu hakunitukana, hakuninyooshea mkono. Tulipofika nje kwenye ngazi alisema tu, "Alikusikiliza wewe," akaenda kununua maji.

Nilimpigia simu mhubiri. Nilimweleza taratibu, nikijikaza. Akasikiliza mpaka mwisho, akashusha pumzi. "Pole sana, maman. Mungu iko na mupango yake. Lakini muangalie muzuri, pengine kulikuwa zambi ndani ya nyumba." Ndani ya nyumba! Nyumba yangu! Mshenzi mkubwa! Nilikata simu kabla sijamwambia neno ambalo hata upande wa kulia wasingelijua maana yake. Siku ile sikushona kitu.

Tulimleta mama mkwe nyumbani kwetu Kamembe. Mkono na mguu wa kulia vimekufa, na jicho la upande huo limelegea. Maneno yanatoka mojamoja, mazito, lakini yanatoka, na akili yake iko pale pale. Daktari alisema jambo moja na akalirudia: ameze dawa kila siku, bila kuacha, la sivyo kingine kitakuja, na hicho hatakiweza. Na mama mkwe alikataa. Nilimpelekea kidonge asubuhi ya kwanza, akakaza meno.

"Imani... yangu... ilikuwa ndogo," akasema. "Sitarudia."

Mnaona? Hakumkasirikia mtu. Alijikasirikia mwenyewe! Alilala pale nusu mfu, akidhani ameadhibiwa kwa sababu siku moja alitamani vile vidonge vyake. Mwanawe alimbembeleza, akageukia ukutani. Muuguzi alikuja, mama mkwe akamsikiliza kwa heshima, halafu akakaza meno. Nilikiponda kidonge nikakichanganya kwenye uji, akaonja, akautema wote kwenye shuka, na toka hapo akawa ananusa kila kijiko nilichompa. Mimi nilimletea hoja. Nilikaa kitandani kwake na Maandiko matatu, nikamweleza habari za tabibu, nikamweleza habari za miwani, kwamba kama dawa ni mashaka basi na miwani ni mashaka. Nilizipanga vizuri, kama daftari lilivyonifundisha, moja baada ya nyingine. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa jicho lake zima.

"Unasoma... sana... mukazana," akasema.

Nililipitia daftari lote usoni na kisogoni nikitafuta neno la kumwambia mwanamke aliyekaza meno. Hamna. Kuna kweli, kuna hoja, kuna makosa ya hoja, kuna nywele. Nikalirusha chini ya meza, halafu nikainama nikaliokota.

Wiki ile ile mchungaji wetu alipita kibandani. Yule mhubiri anarudi Jumapili, akasema, na wamezoea kufanya kazi pamoja nami, je nitaweza? Nilikuwa na pini mdomoni. Nikaitikia kwa kichwa kwamba nitaweza.

Alipoondoka, mzee jirani yangu alikuwa ananitazama juu ya cherehani yake. Nikatoa pini mdomoni nikamuuliza, "Mzee, muntu akidanganya ili aokoe muntu, ni zambi?"

Akasimamisha mguu. "Unauliza juu ya kitabu ao juu yako?"

"Juu yangu."

"Basi usiniulize. Nikikujibu, kesho utasema ni mimi nilisema." Akarudi kwenye vifungo vyake, na siku nzima hakunisemesha tena.

Jumapili ile mume wangu na shemeji yangu walimbeba mama mkwe kwenye kiti cha plastiki, wakamweka kushoto, mbele. Alikuwa amevaa kitenge kilekile. Kiunoni hakuna fundo. Mhubiri alimwona, akaelewa ni nani, na badala ya kuona haya, uso ukang'aa kabisa. Alimwelekezea kidole.

"Mama, usirudi nyuma! Mungu akianza kazi, anamalizaka! Usisikilize badaktari, usisikilize batu ya nyumba yako! Ukirudi nyuma, utapoteza yote!"

Amina ya kulia. Nikavuta pumzi yangu.

Niliinua mkono kama yeye. Nikamwelekezea mama mkwe kidole kama yeye. Nikapaza sauti yake ileile, ya koo, na kwa Kinyarwanda nikasema: "Mama! Imani yako imeonekana! Mungu huyohuyo ndiye aliyempa daktari mikono! Kesho asubuhi chukua dawa yako, uimeze! Keshokutwa umeze! Usiache hata siku moja! Ni mimi ninayekuambia!"

Nikajipiga kifua, pale pale anapojipiga yeye.

Kushoto ikaja amina ya pili, na sijawahi kuisikia kubwa hivyo. Kumbe wengi wao walikuwa na vidonge nyumbani, wamevificha, wameona aibu. Walisimama. Wengine walilia. Upande wa kulia, wale wanaojua lugha zote mbili walianza kugeuziana shingo, na mchungaji wetu akanyanyuka kwenye kiti chake. Mhubiri hajui Kinyarwanda hata cha kuomba maji. Yeye aliona tu watu wanasimama, watu wanalia, akafurahi, akaruka.

"Amen!" akapiga kelele. "Bambie tena! Bambie tena!"

Nikawaambia tena.

Mchungaji alinifikia nilipokuwa nimemaliza. Alininyang'anya mikro kwa mkono laini, mbele ya watu, akisema, "Maman, umechoka." Uani aliniambia nimeliaibisha kanisa, nimechezea neno la mtumishi, na kazi yangu imeisha. Nikamuuliza, wakati wa kile kikapu cha dawa, yeye anayejua lugha zote mbili alikuwa amekaa wapi? Mbona siku ile hakunyanyuka? Nikamwachia uwanja wake.

Jumatatu asubuhi nilimpelekea mama mkwe kidonge na kikombe cha maji. Alinitazama, akafungua mdomo mwenyewe, kama kifaranga.

"Mtumishi... amesema," akaniambia.

Na imekuwa hivyo. Mkono wake umeanza kushika kijiko. Juzi alijikokota mpaka mlangoni, akaangalia watu wanaopita, akaniambia nimechoma vitunguu. Kila asubuhi kabla ya kumeza anaomba, na katika maombi yake anamtaja yule mhubiri kwa jina na kwa cheo, anamwombea afya, anamwombea macho. Mimi nimeshika kikombe, na akimaliza lazima niseme amina.

Basi hii ndiyo hasira yangu, ichukueni mkaipime. Nilisoma miaka mitatu, kwa chaki, kwa daftari la mtu, kwa simu yenye kioo kilichopasuka, ili nijue jambo moja: kwamba kitu hakiwi kweli kwa sababu ya mdomo uliokisema. Nalijua sasa. Hakuna atakayeliondoa kichwani kwangu. Na mtu mmoja ambaye nilitaka kumwokoa nililileta kwake likiwa zima, safi, akakaza meno. Nikamletea uongo wenye sauti ya mwanamume na ngumi hewani, akafungua mdomo. Nimkasirikie nani? Mhubiri, ndiyo. Mchungaji, ndiyo, tena zaidi. Lakini wao walinifundisha kazi tu, na siku ya kikapu niliifanya vizuri, na siku ya pili niliifanya vizuri zaidi.

Alhamisi iliyopita mama wawili wa upande wa kulia, wanaojua lugha zote mbili, walikuja kumwangalia mgonjwa. Walileta ndizi. Mimi nilikuwa kibandani. Nilipofika jioni, ndizi zilikuwa hazijaguswa, na mama mkwe alikuwa ameketi, ameangalia ukuta.

Ijumaa asubuhi nilimpelekea kidonge. Hakufungua mdomo. Aliinua ule mkono wake wa kushoto, mzima, akanishika kifundo cha mkono, na ana nguvu bado, nilisikia vidole.

"Yeye," akasema. Alipumzika. "Ni yeye... aliyesema?"

Nilimkumbuka yule mzee wa kale wa kwenye daftari. Aliambiwa aache kusema kweli, akakataa, wakampa kikombe cha sumu akanywa. Nami nimesimama pale na kikombe changu mkononi. Nilimpenda mzee yule kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsoma.

Mama mkwe alikuwa akinisubiri, meno yamekazwa, jicho lake zima halipepesi. Nikavuta pumzi.

"Ni yeye, mama," nikamwambia. "Alisema mara mbili."

Akaniachia mkono. Aliomba, akamtaja mhubiri kwa jina, akasema amina kwa upande wa mdomo wake ulio mzima. Nami nikasema ya pili, nikamwekea kidonge kwenye ulimi.